Timu ya Tawi Ikienda Kigali, Ilale Kimisagara

Msimu wa mashindano ukikaribia, maswali ya matawi huwa ni yale yale: jezi zitatoka wapi, mwajiri atatoa ruhusa ya siku ngapi, nani atakuwa kocha. Swali la timu italala wapi na itakula nini huachwa mpaka basi limekwisha ondoka. Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kusafiri na timu ya kiwanda au ya shamba. Siku mbili za kwanza watu wanakula nyama. Siku ya tatu ni mkate na chai. Siku ya nne nahodha anapiga simu nyumbani kuomba atumiwe nauli. Mchezaji aliyeondoka na posho anarudi na deni, na deni hilo linakatwa kwenye mshahara ambao hata kabla ya safari ulikuwa hautoshi.

Safari hii tumeona ni vema tuandike juu ya Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Sababu ni kwamba mji huo umekuwa uwanja wa Afrika Mashariki nzima. Kombe la Kagame la vilabu lilichezwa huko mwaka 2014 na tena 2019, ambapo KCCA ya Kampala iliifunga Azam ya Dar es Salaam bao moja kwa bila katika fainali. Mwaka 2016 yalikuwapo mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na Kongo ikaondoka na kombe. Mwaka 2021 yalichezwa mashindano ya Afrika ya mpira wa kikapu, na Septemba 2025 yakaja mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuwa hayajawahi kufanyika katika bara letu. Wafanyakazi nao hawako nyuma. Makampuni ya Rwanda yana michezo yao, na tangu nchi hiyo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 mialiko ya kwenda na kurudi imekuwa jambo la kawaida.

Watu husema Kigali ni ghali. Ni kweli, kama utalala mahali wanapolala wajumbe wa mikutano. Lakini Kigali ni mji wa vilima vingi, na kila kilima kina bei yake. Sisi tunasema timu ya wafanyakazi ilale Kimisagara.

Kimisagara ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Nyarugenge; wenyewe kata huiita umurenge. Iko upande wa magharibi wa katikati ya jiji, kwenye ubavu unaoteremka kutoka Mlima Kigali mpaka bonde la Nyabugogo. Nyabugogo ndiyo stendi kubwa ya mabasi ya nchi nzima na ya nchi jirani, kwa hiyo basi lako likitoka Kampala, Nairobi au Dar es Salaam ndipo litakapokushusha. Kutoka hapo mpaka Kimisagara mtu mzima mwenye begi moja anatembea kwa miguu. Hiyo peke yake ni sababu kubwa, maana timu ya watu 22 inayoshushwa alfajiri halafu ikatafutiwa magari ya kukodi kwenda upande wa pili wa mji imekwisha tumia fedha za chakula cha siku nzima kabla haijaonja chai.

Wanaoishi Kimisagara ni watu kama sisi: mafundi, wachuuzi wa sokoni, vibarua wa ujenzi, makondakta, madereva, washonaji, walinzi wa usiku. Nyumba zimepandana kama ngazi, paa la mmoja liko usawa wa ua wa mwingine. Chini unapita mfereji mkubwa wa Mpazi, unaoteremsha maji ya mvua toka vilimani mpaka Nyabugogo. Ng'ambo ya mfereji huo, upande wa Gitega, utaona majengo ya ghorofa ya matofali yaliyojengwa ili familia zilizokuwa katika nyumba mbovu pale pale zipate makazi bora bila kuhamishwa mbali na kazi zao. Viongozi wa matawi wanaodai nyumba za wafanyakazi wafike wayaone, wapande ngazi, na wazungumze na wenyeji.

Hatutaki kumdanganya mtu. Kimisagara ina kelele. Pikipiki zinaanza kabla ya mapambazuko, makanisa yana vipaza sauti, na vichochoro vyake ni vya mteremko mkali hata usiwe na moyo wa kuvipanda mara mbili kwa siku. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, na tena mvua za mwisho wa mwaka, njia zisizo na lami huteleza kama sabuni. Mchezaji mwenye goti bovu asipewe chumba cha juu kilimani.

Kuhusu kulala, tafuteni vibao vilivyoandikwa "amacumbi", maana yake vyumba vya kulala wageni. Viko Kimisagara, Nyabugogo na kupanda mpaka Nyamirambo. Vilivyo karibu kabisa na stendi viogopeni, si kwa sababu ya uchafu, ila kwa sababu watu hupokezana vyumba usiku kucha na mchezaji hapati usingizi. Mtu mmoja atangulie siku mbili kabla, avione vyumba kwa macho, afungue bomba aone kama maji yanatoka, ahesabu vitanda na vyandarua, halafu apatane bei ya kundi kwa siku zote kwa pamoja na kupewa karatasi yenye sahihi. Bei iliyopatanwa kwa simu hubadilika watu wakifika usiku wamechoka.

Njia nyingine inayowafaa sana wenzetu wa mashambani ni vituo vya makanisa. Kwa miaka mingi kituo cha Saint Paul, karibu na kanisa la Sainte Famille katikati ya jiji, kimekuwa kikilaza wageni wa kipato cha kawaida, na Kanisa la Presbiteri nalo limekuwa na nyumba ya wageni mjini. Ni safi, tulivu, na lango hufungwa mapema, jambo ambalo baadhi ya wachezaji hawalipendi na kocha hulipenda mno. Wala msisahau kwamba Rwanda wako ndugu zetu wa vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lao, CESTRAR, lilianzishwa mwaka 1985. Barua ya katibu wa tawi iliyopelekwa mapema kwa chama cha sekta yenu kule inaweza kuwapatia mwenyeji wa kuwapokea, na mwenyeji ni bora kuliko ramani.

Timu ipate pia mahali pa kunyoosha viungo. Kimisagara kuna kituo cha vijana ambacho watu hukitambua kwa jina lake la Kifaransa, Maison des Jeunes. Mechi nyingi za mpira wa mikono zimechezwa hapo. Hapo Kimisagara kilijengwa pia kimoja cha vituo 20 vya soka ambavyo FIFA iliahidi bara la Afrika katika kampeni iliyofungamana na Kombe la Dunia la 2010 la Afrika Kusini. Kituo hicho ni cha chama cha vijana wanamichezo kiitwacho Espérance, kinachotumia mpira kuwafundisha vijana afya na kuishi kwa amani baada ya yale yaliyotokea mwaka 1994. Ukitaka kutumia uwanja, nenda ukaombe kwa adabu na upange saa. Watoto wa mtaa ndio wenye haki ya kwanza.

Juu ya Kimisagara ndiko Nyamirambo, na huko ndiko kwenye uwanja ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la Uwanja wa Kigali au wa Nyamirambo. Tangu Machi 2023, wakati wa mkutano mkuu wa FIFA mjini humo, unaitwa Uwanja wa Pelé. Nyasi zake ni za bandia, kwa hiyo viatu vya njumu ndefu za chuma viacheni nyumbani. Uwanja mkubwa wa Amahoro uko Remera, upande wa mashariki wa jiji. Ulijengwa upya na kufunguliwa Julai 2024 ukiwa na viti 45,000, na jirani yake uko ukumbi wa BK Arena wa mpira wa kikapu. Kama mechi zenu ni za Remera, itabidi mkate mji mzima kwa basi, basi pangeni saa nzima ya njiani wakati wa jioni. Hata hivyo tunashikilia palepale kwamba kulala Kimisagara na kulipa nauli ya basi la jiji ni nafuu kuliko kulala Remera.

Hesabu yake ni rahisi na kila mweka hazina aifanye kabla ya kusafiri. Watu 22 kwa siku tano ni vitanda 110. Mkiokoa faranga 2,000 kwa kila kitanda, mmeokoa faranga 220,000. Hizo ndizo fedha za mchezaji atakayevunjika, za basi litakaloharibika, au za siku ya sita msiyoitazamia. Mabasi ya jiji hulipiwa kwa kadi inayojazwa fedha, si kwa kumpa kondakta mkononi, kwa hiyo nunueni kadi chache Nyabugogo siku ya kwanza na mzikabidhi kwa mtu mmoja. Pikipiki, ambayo kule huitwa moto, hubeba abiria mmoja tu, na kofia ngumu ni lazima. Msithubutu kupakizana wawili kama mlivyozoea kwetu. Askari wa barabarani wa Kigali hawana mzaha. Na magari yote hupita kulia. Anayevuka barabara huku ametazama upande aliouzoea atagongwa akidhani yuko salama.

Sasa tuje kwenye chakula, maana timu hucheza na tumbo lake.

Mchana, tafuta mkahawa wenye neno "mélange", wao hutamka melanji. Vyakula vimepangwa mezani: wali, viazi, ndizi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu chetu, kabichi, mihogo, tambi, na mwisho nyama au samaki. Unalipa bei moja na kujaza sahani yako mara moja tu. Mara moja! Ndiyo maana utaona vibarua wa Nyabugogo wanajenga sahani kama fundi anavyopanga matofali, viazi chini kama msingi, wali katikati, maharage yakimwagwa juu yashuke pembeni. Nyama hupimwa, kwa kawaida kipande kimoja, na usijaribu kuchukua cha pili. Kwa mchezaji anayeingia uwanjani saa nane, melanji ya saa tano inatosha mpaka usiku.

Jioni kuna mishikaki, wao huiita burusheti. Ya mbuzi ndiyo yenyewe, pamoja na ndizi au viazi vya kuchoma. Jambo moja tu: mwagizaji avumilie. Moto huwashwa kwa ajili yako, na saa nzima inaweza kupita. Timu yenye akili huagiza kabla ya kwenda kuoga. Mezani utakuta kichupa kidogo chenye mdomo wa kudondoshea, kimeandikwa Akabanga. Ni mafuta ya pilipili. Tone moja linatosha sahani nzima, na wanaokimimina kama mchuzi tumewaona wakilia machozi mbele ya wageni wao. Ukiona neno "akabenz" ujue ni nyama ya nguruwe; Waislamu wa timu waambiwe mapema. Ziko pia sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, ambazo ni rahisi na zina nguvu.

Lakini kitu ambacho tungependa kila tawi likione ni vibanda vya maziwa. Nje kimeandikwa "amata". Ndani watu wamekaa kwenye mabenchi kama baa, isipokuwa vikombe vina maziwa moto au ikivuguto, yaani mtindi mzito, pamoja na chapati, mandazi au yai. Vijana wa pikipiki, mafundi na wanafunzi hujaa humo asubuhi. Kwa mfanyakazi anayefikiri kwamba kukaa pamoja baada ya kazi lazima kuwe na chupa za bia, dakika 20 ndani ya kibanda cha maziwa cha Kigali zitampa jambo la kusimulia. Bia zipo, hatukatazi, ila zingojee mechi ya mwisho. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Wengi huuliza kama Kiswahili kitawafikisha. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo sheria haimfundishi mtu kusema. Kimisagara utasikilizwa vizuri na madereva, wafanyabiashara, na wale waliokulia Kongo, Uganda au Tanzania; bibi anayeuza nyanya huenda asikuelewe. Mkiamkia "muraho", mkauliza bei kwa "ni angahe", mkashukuru kwa "murakoze", mtapokewa kwa furaha. Kuhesabu saa hakutawasumbua, kwa kuwa Wanyarwanda nao huhesabu kama sisi. Saa mbili kwao ni "saa mbiri".

Kiswahili chenyewe kina mtaa wake pale juu, Biryogo, mwendo mfupi kutoka Kimisagara. Biryogo ina habari ambayo wafanyakazi wa pwani na wa bara wangependa kuijua. Wajerumani walipojenga boma la Kigali, mji ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, walifuatana na askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara kutoka Tanganyika. Hao ndio waliofika na Uislamu na lugha yetu. Msikiti wa Al-Fatah unahesabiwa kuwa wa kwanza nchini na ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipoingia waliwatenga Waislamu katika kambi iliyoitwa Kambi ya Waswahili, na hawakuwa huru kutoka na kuingia wapendavyo. Leo mtaa mmoja wa Biryogo umefungwa magari, meza zimewekwa barabarani, na watu hukaa wakinywa chai ya tangawizi na kula chapati, mishikaki na samaki mpaka usiku. Mkilala Kimisagara, hapo ndipo pa kwenda siku ya kupumzika. Vizazi vilivyofungiwa kambini vimeacha mtaa unaopendwa na mji mzima.

Kati ya Kimisagara na Nyamirambo kuna mteremko ambao mwaka 2025 uliangaliwa na dunia nzima. Wenyeji wanapaita Kwa Mutwe. Waendesha baiskeli wanauita Ukuta wa Kigali. Ni mita 400 hivi za barabara ya mawe, yenye mwinuko mkali. Tarehe 28 Septemba 2025, katika mbio za wanaume za kilomita zaidi ya 267, wapanda baiskeli walipitishwa Mlima Kigali kisha ukuta huo. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwashambulia wenzake katika Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, akashinda, na wengi walioanza hawakumaliza. Mwende mkaupande kwa miguu. Kila siku watu wa Kimisagara huupanda na magunia ya viazi na madumu ya maji, wala hakuna anayewapa medali.

Tunataja vilima kwa sababu nyingine pia. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mlima Kigali unafika kama 1,850. Wachezaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam watahema siku ya kwanza hata wakiwa na afya. Wafike siku mbili kabla ya mechi, siku ya kwanza watembee tu, wanywe maji, wasikimbizwe kilimani na kocha mwenye haraka. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kericho, Mufindi au Fort Portal hawatasikia kitu, na hapo ndipo watakapolipa kisasi cha kufungwa pwani.

Kuna mahali pamoja ambapo tunaomba kila timu ifike bila kujali ratiba: Gisozi, kilima kinachotazamana na Kimisagara ng'ambo ya bonde. Ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi uko hapo tangu 2004, na watu zaidi ya 250,000 wamezikwa katika eneo hilo. Kuingia hakulipiwi. Nendeni asubuhi, si baada ya ushindi, msivae jezi wala kupiga kelele, na mzime simu. Uwanja wa Amahoro mliocheza au kutazama mpira ndio ambao mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia ndani yake kuokoa maisha. Kwa ajili hiyo msipange safari ya michezo katika juma linaloanza tarehe 7 Aprili. Nchi iko katika maombolezo na hakuna shamrashamra. Wala usimwulize Mnyarwanda kabila lake, hata kwa utani wa kwetu wa watani wa jadi. Kule si utani.

Baada ya hapo, upande huo huo wa Gisozi, kuna Agakiriro, mahali mafundi wa seremala na chuma walipokusanywa. Vitanda, milango na mageti hutengenezwa mbele ya macho yako. Wafanyakazi wa viwandani watapenda kuona vifaa na namna kazi ilivyogawanywa, na pia waulize juu ya moto, kwa kuwa eneo hilo limeungua zaidi ya mara moja. Watakaosafiri kwa njia ya Gatuna wakitoka Uganda wafungue macho njiani: bondeni Mulindi watapita mashamba ya chai yaliyo kati ya ya zamani kabisa nchini humo.

Yako mambo ya sheria. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Viatu, jezi za jasho na mikate ifungwe kwa kitambaa au karatasi, la sivyo mtafunguliwa mabegi mpakani timu nzima ikingoja. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi. Maduka yanafungwa na magari hayatembei. Msipange mechi wala safari saa hizo. Bora mchukue majembe mwende pamoja na wenyeji wenu wa mtaa.

Biashara ya kutembeza bidhaa mikononi nayo imekatazwa jijini, na anayenunua barabarani hutozwa faini pamoja na anayeuza. Mtawaona akina mama wa Nyabugogo wenye beseni la maparachichi kichwani wakitimua mbio. Hatuwezi kusema kwamba jambo hilo linatupendeza, kwani hao ni watu wa tabaka letu wanaotafuta chakula cha watoto. Lakini mgeni haimsaidii mama huyo kwa kumponza. Nunueni matunda ndani ya soko la Kimisagara, ambako wako wanawake wenye meza zao waliolipa ushuru, na bei zao ni nzuri.

Kabla ya kuondoka nyumbani, kamati ya tawi imalize mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni nani atalipa hospitali. Bima ya Wanyarwanda ya mituweli haimhusu mgeni. Mchezaji akivunjika mguu Nyamirambo atapelekwa hospitali na atatakiwa fedha taslimu. Mwajiri anayefurahia jina la kampuni kifuani mwa jezi akubali mapema, kwa barua, kwamba gharama hiyo ni yake, na kwamba siku za kuuguza jeraha hazitakatwa mshahara. Akikataa, wachezaji wajue kabla ya kupanda basi, si wakiwa kitandani. La pili ni fedha. Washike watu wawili, risiti zitunzwe, na hesabu isomwe mbele ya wachezaji kila usiku baada ya chakula. Faranga zibadilishwe katika duka la fedha lenye kibali, si kwa vijana wa mpakani.

Wakenya na Waganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Watanzania wachukue pasipoti zao. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwemo mfukoni.

Mwisho ni saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Mkienda mnaipata saa hiyo bure na hakuna anayelalamika. Mkirudi, mkivuka Rusumo au Gatuna, mnairudisha. Mtu anayepaswa kuingia zamu ya Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, akapiga hesabu ya safari kwa saa ya Kigali, atafika getini saa moja na kukuta jina lake limekwisha andikwa kwenye kitabu cha wachelewaji. Tiketi za kurudi zikatwe Nyabugogo siku moja au mbili kabla, kwa basi linalofika nyumbani Jumamosi au Jumapili mchana, na barua ya ruhusa iandikwe hivi: mpaka siku ya kufika, pamoja na siku moja ya kupumzika.